Mwomba hifadhi aliyekataliwa na pingamizi la haki za binadamu dhidi ya kuondoshwa nchini

Ombi la hifadhi ya ukimbizi linapokataliwa, mwombaji hupoteza madai ya kutambuliwa kuwa mkimbizi. Hata hivyo, serikali iliyomkataa haipati papo hapo uhuru wa kumpandisha ndege kumrudisha alikotoka. Kati ya hatua hizo mbili kuna swali la pili la kisheria: je, kumrejesha mtu huyo kutamweka katika hatari ya kuuawa, kuteswa au kutendewa kinyama? Swali hilo hujibiwa kwa sheria za haki za binadamu, na jibu lake linaweza kuwa tofauti na lile lililotolewa kuhusu ukimbizi.

Makala haya yanaeleza namna pingamizi hilo linavyofanya kazi kwa kupitia shauri la raia wa Uganda lililofika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na kuamuliwa mwaka 2008, hukumu zilizofuata na kubadili msimamo wa sheria, na kanuni zinazofanana nazo katika Bara la Afrika.

Misingi miwili ya kinga

Msingi wa kwanza ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi pamoja na Itifaki yake ya mwaka 1967. Chini ya mkataba huo, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye sababu za msingi ya kuteswa kutokana na rangi, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Ibara ya 33 inakataza kumrejesha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu hizo. Kinga hii ina mipaka. Ibara hiyohiyo, katika kifungu chake cha pili, inamwondolea kinga mtu anayehesabiwa kuwa tishio kwa usalama wa nchi au aliyehukumiwa kwa kosa zito mno na kuwa hatari kwa jamii.

Msingi wa pili ni mikataba ya haki za binadamu. Katika Ulaya, unaotumika zaidi ni Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ambao Ibara yake ya 3 inapiga marufuku mateso pamoja na vitendo au adhabu za kinyama na za kudhalilisha. Marufuku hiyo haina ubaguzi wa aina yoyote. Mwaka 1989 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba nchi inaweza kuvunja Ibara hiyo kwa kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine ambako atakabiliwa na vitendo vilivyokatazwa, hata kama vitendo hivyo vingefanywa na mamlaka ya nchi hiyo nyingine. Tarehe 15 Novemba 1996 mahakama hiyo ilienda mbele zaidi, ikatamka kwamba kinga hiyo inamhusu hata mtu anayedaiwa kuhatarisha usalama wa taifa.

Tofauti ya misingi hii miwili ndiyo inayompa mwombaji aliyekataliwa nafasi ya kusikilizwa tena. Mkataba wa mwaka 1951 unauliza anayeogopwa ni nani na sababu ya hofu ni ipi. Ibara ya 3 inauliza jambo moja tu: mtu huyu atafikwa na nini akirudishwa? Mtu ambaye hofu yake haihusiani na siasa wala dini, au ambaye simulizi yake ya mateso ya zamani haikuaminiwa, bado anaweza kuwa na jibu zito kwa swali hilo la pili.

Ni vyema pia kuondoa utata unaojitokeza mara kwa mara. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Strasbourg, Ufaransa, ni chombo cha Baraza la Ulaya. Si chombo cha Umoja wa Ulaya. Kwa sababu hiyo, kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya hakukuiondoa nchi hiyo chini ya mamlaka ya mahakama hiyo.

Shauri la N dhidi ya Uingereza

Mwanamke raia wa Uganda, ambaye mahakama ilimtambulisha kwa herufi N pekee ili kulinda faragha yake, aliwasili Uingereza tarehe 28 Machi 1998 akitumia jina lisilo lake. Alikuwa mgonjwa mahututi na alilazwa hospitalini. Uchunguzi ulibaini kwamba alikuwa akiishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), na alikuwa na kifua kikuu kilichosambaa mwilini. Kiwango cha seli zake za CD4, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, kilikuwa kimeshuka hadi 10, wakati mtu mwenye afya njema huwa na zaidi ya 500.

Katika ombi lake la hifadhi alieleza kwamba alikuwa ametendewa ukatili nchini kwake kwa kuhusishwa na kundi la waasi la Lord's Resistance Army, na kwamba maisha yake yangekuwa hatarini kama angerudi. Mwezi Machi 2001 Serikali ya Uingereza ilikataa ombi hilo kwa maelezo kwamba simulizi yake haikuaminika. Wakati huohuo, matibabu yalikuwa yamembadilisha kabisa. Kwa dawa za kupunguza makali ya VVU na uangalizi wa madaktari, hali yake ilitengemaa, na baadaye seli zake za CD4 zilipanda hadi 414. Madaktari walieleza kwamba akiendelea na matibabu angeweza kuishi kwa miongo mingi. Bila dawa, walitarajia maumivu na kifo ndani ya muda usiozidi miaka miwili hivi.

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa shauri. Dawa zilizokuwa zikimweka hai zilikuwapo Uganda, lakini kwa uchache. Kwa taarifa za Shirika la Afya Duniani zilizowekwa mbele ya mahakama, wakati huo ni takriban nusu tu ya waliozihitaji nchini humo waliokuwa wakizipata. N alikuwa na ndugu Uganda, ila alidai kwamba wasingekuwa tayari, wala wasingekuwa na uwezo, wa kumhudumia.

Safari ya shauri mahakamani

Mwezi Julai 2002 mwamuzi wa rufani za uhamiaji alitupilia mbali madai ya ukimbizi, lakini akakubali pingamizi la haki za binadamu. Alitegemea hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya tarehe 2 Mei 1997 iliyomhusu raia wa Saint Kitts, mfungwa aliyekuwa amemaliza kutumikia kifungo cha dawa za kulevya nchini Uingereza na ambaye alikuwa katika hatua za mwisho za UKIMWI. Katika shauri hilo ilionekana kwamba kumwondoa mtu anayekaribia kufa na kumpeleka mahali asipo na ndugu wa kumuuguza wala matibabu kungekuwa kitendo cha kinyama.

Serikali ilikata rufaa, na mwezi Novemba 2002 Baraza la Rufani za Uhamiaji likatengua uamuzi huo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliunga mkono Serikali kwa kura mbili dhidi ya moja. Tarehe 5 Mei 2005 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya juu kabisa ya mahakama nchini Uingereza, liliamua kwa kauli moja kwamba N angeweza kurejeshwa. Majaji hawakuficha kwamba uamuzi huo uliwawia mgumu. Walieleza kuwa Ibara ya 3 haizilazimishi nchi kuwapa wageni matibabu yasiyo na ukomo kwa sababu tu matibabu hayo hayapatikani kwao, na kwamba shauri la mwaka 1997 lilimhusu mtu aliyekuwa tayari kitandani akisubiri kifo.

Shauri lilipelekwa Strasbourg mwezi Julai 2005, na mahakama ikaiomba Uingereza isimwondoe N hadi shauri litakapoamuliwa. Tarehe 27 Mei 2008 Baraza Kuu la majaji 17 la mahakama hiyo lilitoa hukumu. Kwa kura 14 dhidi ya 3, lilisema kwamba kumrejesha N Uganda kusingevunja Ibara ya 3.

Majaji walio wengi walieleza kwamba ukiukwaji hutokea tu katika mazingira ya kipekee kabisa, pale sababu za kibinadamu zinapokuwa na nguvu isiyopingika. Walibaini kwamba N hakuwa mahututi wakati huo, kwamba alikuwa na uwezo wa kusafiri, na kwamba dawa zilikuwapo Uganda ingawa kwa uhaba. Walisema maendeleo ya tiba hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na kwamba kuzitwika nchi wanachama jukumu la kuziba pengo hilo kwa kumtibu bure kila mgeni asiye na haki ya kuishi nchini kungekuwa mzigo mkubwa mno.

Majaji watatu waliopinga walijibu hoja hiyo moja kwa moja. Kwa maoni yao, marufuku isiyo na ubaguzi haiwezi kupimwa kwa mizani ya bajeti. Walieleza pia kwamba hofu ya Ulaya kufurika wagonjwa haikuwa na ushahidi, kwani takwimu za mahakama yenyewe zilionesha kuwa maombi ya aina hiyo yalikuwa machache.

Kilichobadilika baada ya hapo

Kwa zaidi ya miaka minane, hukumu ya N ilifunga mlango kwa karibu kila mgonjwa ambaye hakuwa kwenye hatua za mwisho za uhai. Matokeo yake yalikuwa ya kutatanisha: mgonjwa aliyetibiwa vizuri na kupata nafuu alikuwa na kinga ndogo kuliko yule aliyeachwa hadi akazidiwa.

Tarehe 13 Desemba 2016 Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo lilirekebisha hali hiyo kwa kauli moja, katika shauri la raia wa Georgia dhidi ya Ubelgiji. Mlalamikaji huyo aliwasili Ubelgiji mwaka 1998, ombi lake la hifadhi likakataliwa, na baadaye akatiwa hatiani kwa makosa kadhaa ya jinai. Aliugua saratani ya damu pamoja na kifua kikuu. Maombi yake ya kubaki nchini kwa sababu za matibabu yalikataliwa kutokana na rekodi yake ya jinai, bila hali yake ya afya kuchunguzwa ipasavyo. Alifariki dunia mwezi Juni 2016, miezi sita kabla ya hukumu, na familia yake ndiyo iliyoendeleza shauri.

Mahakama ilisema kinga haiwahusu wanaokaribia kufa peke yao. Inamhusu pia mgonjwa mahututi ambaye, kwa kukosa matibabu yanayofaa au kwa kutoweza kuyafikia katika nchi anakopelekwa, anakabiliwa na hatari halisi ya afya yake kuzorota kwa kiwango kikubwa, kwa haraka na bila uwezekano wa kurudi katika hali ya awali, na hivyo kupata mateso makali au kupungukiwa sana na umri wa kuishi.

Hukumu hiyo ilipanga pia mgawanyo wa wajibu wa kuthibitisha. Kwanza, mlalamikaji hutoa ushahidi unaoweza kuonesha kuwa hatari ipo. Akifanya hivyo, ni wajibu wa serikali kuondoa shaka iliyojitokeza. Inapaswa kuangalia kama matibabu yapo na yanatosha, na vilevile kama mtu huyo ataweza kuyafikia, kwa kuzingatia gharama, umbali na msaada wa ndugu. Shaka kubwa ikibaki, serikali inapaswa kupata hakikisho mahususi kutoka nchi inayompokea kabla ya kumsafirisha.

Tarehe 29 Aprili 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la raia wa Zimbabwe anayeishi na VVU, iliacha kufuata kipimo kilichotumika kwa N na kupokea kipimo kipya. Ilielekeza shauri hilo lisikilizwe upya kwa msingi huo. Tarehe 7 Desemba 2021 Mahakama ya Ulaya ilithibitisha tena kipimo hicho katika shauri dhidi ya Denmark lililohusu maradhi ya akili, ingawa safari hiyo ilikuta kwamba mlalamikaji hakuwa amefikia kiwango cha Ibara ya 3.

Mwelekeo huo unaonesha kwamba mlango umefunguliwa zaidi, lakini bado ni mwembamba. Kupungua kwa ubora wa huduma pekee hakutoshi. Aidha, mahakama hupima hali ilivyo wakati wa kusikiliza shauri. Nchi ambayo dawa zilikuwa adimu miaka ya nyuma inaweza kuwa na dawa hizo leo, na ushahidi wa zamani hauwezi kubeba shauri jipya.

Hatari ya kurejeshwa kupitia nchi ya tatu

Kanuni hiyohiyo hutumika pale mtu anapopelekwa katika nchi ambayo siyo kwao. Mwezi Aprili 2022 Uingereza na Rwanda zilitia saini makubaliano ya kuwahamishia Rwanda baadhi ya waomba hifadhi ili maombi yao yaamuliwe huko. Ndege ya kwanza ilikuwa iondoke tarehe 14 Juni 2022, lakini safari ilifutwa baada ya Mahakama ya Ulaya kutoa amri ya muda. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kwamba mpango huo haukuwa halali. Sababu yake ni kwamba kulikuwa na hatari halisi ya maombi kuamuliwa vibaya na wakimbizi wa kweli kurejeshwa katika nchi walizozikimbia. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuitangaza Rwanda kuwa nchi salama, lakini serikali iliyoingia madarakani mwezi Julai mwaka huo iliachana na mpango huo.

Kanuni za Bara la Afrika

Kinga ya aina hii haikuanzia Ulaya pekee. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unakataza kumzuia mtu mpakani, kumrejesha au kumfukuza ikiwa hatua hiyo itamlazimu kubaki au kurudi mahali ambapo maisha, mwili au uhuru wake utatishiwa. Mkataba huo unapanua pia maana ya mkimbizi, kwa kuwajumuisha wanaokimbia uvamizi kutoka nje au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unakataza mateso na vitendo vya kudhalilisha katika Ibara ya 5. Katika Ibara ya 12, unatambua haki ya anayeteswa ya kutafuta na kupata hifadhi, unaelekeza kwamba mgeni aliyeingia nchini kihalali afukuzwe tu kwa uamuzi unaofuata sheria, na unapiga marufuku kufukuza wageni kwa makundi. Mwaka 1996 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitumia masharti hayo katika malalamiko yaliyohusu raia wa Burundi waliofukuzwa Rwanda, ikaona kwamba walinyimwa nafasi ya kusikilizwa mahakamani.

Nchini Tanzania, masuala ya hifadhi yanasimamiwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na Ibara ya 13 ya Katiba inapiga marufuku kumtesa mtu au kumtendea kinyama. Nchini Kenya, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ndiyo inayotumika, na Katiba ya mwaka 2010 inataja uhuru dhidi ya mateso na ukatili miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka. Tarehe 26 Julai 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa ni tishio kwa kanuni ya kutomrejesha mkimbizi hatarini.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wananchi wenye ndugu wanaoomba hifadhi ughaibuni, mashauri haya yanatoa mafunzo yafuatayo:

1. Barua ya kukataliwa hifadhi na amri ya kuondoshwa ni hatua mbili tofauti. Kila moja ina utaratibu na muda wake wa kupingwa, na muda huo huwa mfupi.

2. Pingamizi la haki za binadamu hujengwa kwa ushahidi unaomhusu mtu binafsi. Taarifa ya jumla kwamba hali ya nchi ni ngumu haitoshi. Ripoti za madaktari, kumbukumbu za matibabu na maelezo kuhusu upatikanaji na gharama za dawa nyumbani ndizo zinazopimwa.

3. Kutoa jina au maelezo yasiyo ya kweli hudhoofisha shauri zima. Mtu ambaye hakuaminiwa katika jambo moja hupata shida kuaminiwa katika jingine, hata kama hilo la pili ni kweli.

4. Mahakama ya Strasbourg hupokea shauri baada ya ngazi zote za ndani kukamilika. Tangu tarehe 1 Februari 2022, muda wa kuliwasilisha ni miezi minne kuanzia uamuzi wa mwisho, badala ya miezi sita ya awali. Maombi ya amri ya muda ya kuzuia safari huwasilishwa kwa dharura, na hukubaliwa pale tu penye hatari ya madhara yasiyorekebishika.

5. Nchini Uingereza, ni kosa la jinai kwa mtu asiye na sifa au usajili wa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi. Kabla ya kulipa fedha au kukabidhi nyaraka, ni muhimu kuthibitisha usajili wa mshauri husika.

6. Mtu anayeishi na hofu ya mamlaka za nchi yake halazimiki kupitia ubalozi wa nchi hiyo ili kupinga kuondoshwa. Yule ambaye hana hofu hiyo na ameamua kurudi kwa hiari anaweza kuutumia ubalozi kupata hati ya kusafiria.

Mahakama zilizosikiliza mashauri haya hazikuzinyima serikali haki ya kuamua nani aingie nchini, nani abaki na nani aondoke. Haki hiyo inatambuliwa katika hukumu zote zilizotajwa, zikiwemo zile zilizotolewa dhidi ya serikali. Kilichowekwa juu yake ni sharti kwamba, kabla ya mtu kusafirishwa, mamlaka husika ijiridhishe kwa ushahidi kuhusu kinachomsubiri huko anakopelekwa.